Mirungi: Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Na Tabibu Msaidizi, Bungu, Korogwe



Leo tuzungumze juu ya mirungi. Wengine huiita miraa. Vijana wetu huiita gomba, na wana majina mengine ya kufichia. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye ni mdogo, atatufundisha nini?" Ni kweli, mimi ni mdogo kwenu. Umri wangu ni miaka ishirini na kidogo. Nina cheti, sina digrii. Lakini kazi yangu ni kukaa zahanati mchana na usiku. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Moja nimelitenda mimi mwenyewe, nami nitalisema.

Nina maoni mawili. La kwanza, mirungi haitoi nguvu. Mirungi hukopesha. La pili, mtu anayetafuna mirungi asipigwe wala asifichwe. Aletwe zahanati. Tuyatazame maoni haya polepole, moja baada ya jingine.

KIJANA WA PIKIPIKI

Ilikuwa msimu wa kuvuna maharage. Saa nane za usiku niligongewa mlango. Vijana wawili walikuwa wamemshika mwenzao, dereva wa bodaboda. Nyuma yao alikuwa mama yake, amejifunga kanga mbili kwa baridi. Kijana alikuwa akitoka jasho. Macho yalimtoka. Mikono ilitetemeka. Alisema moyo wake unataka kutoka kifuani, na kwamba kuna watu wanamfuata njiani.

Mama yake akanivuta pembeni. Akasema, "Mwanangu, huyu ametupiwa kitu. Tumpeleke kwa mganga."

Nikamjibu, "Mama, twende huko ukitaka, lakini kwanza niruhusu nimpime."

Nilipima malaria. Hakuwa nayo. Nilihesabu mapigo ya moyo. Yalikuwa 136 kwa dakika, naye amelala kitandani. Presha ya damu ilikuwa 168 kwa 104. Kwa kijana wa umri ule, hiyo ni presha kubwa sana. Nikamwuliza taratibu, "Ndugu yangu, umekula nini leo?" Akajibu, "Sijala." Nikamwuliza, "Umelala lini?" Akanyamaza. Rafiki yake ndiye aliyesema. Kijana hakuwa amelala kwa siku mbili. Alikuwa akibeba magunia na abiria, usiku na mchana, kupanda na kushuka milima. Alikuwa akitafuna mirungi ili asisinzie.

Nilimlaza mahali penye kimya. Nilimpa maji. Nilipima kila nusu saa. Mama yake alikaa karibu naye akimshika mkono, na naamini mkono ule ulisaidia. Kulipokucha, mapigo yalikuwa 88. Kijana alilala hadi jioni. Alipoamka alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Daktari, nilikuwa mzima kabisa mpaka majani yalipoisha."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Si kweli kwamba alikuwa mzima mpaka majani yalipoisha. Alikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, ila majani yalimzuia asijue.

MWILI UNA WAJUMBE WAKE

Ili tuelewe jambo hili, tujue kwanza jinsi mwili unavyofanya kazi.

Kijiji kina wajumbe. Mwenyekiti akitaka watu wakutane, humtuma mjumbe apite nyumba kwa nyumba. Mwili nao una wajumbe wake. Wajumbe hao huitwa homoni. Homoni hupita ndani ya damu na kupeleka habari kwenye moyo, ini, tumbo, misuli na kila mahali.

Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo. Vitezi hivyo viwili hutoa wajumbe wa wakati wa hatari. Mjumbe wa kwanza huitwa adrenalini. Huyu ana mbio. Tuseme unakwenda shambani alfajiri, mara nguruwe mwitu anatoka kwenye mahindi. Papo hapo moyo unapiga kwa nguvu. Pumzi inakwenda haraka. Mikono inapata jasho. Njaa inapotea. Usingizi unakwisha kabisa. Hiyo ni kazi ya adrenalini. Inakuandaa kupigana au kukimbia.

Mjumbe wa pili huitwa kortisoli. Huyu huja nyuma kidogo, naye hukaa muda mrefu zaidi. Kazi yake ni kuuambia mwili utoe akiba. Sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate chakula. Kazi nyingine za mwili, kama kujikinga na maradhi na kujenga upya sehemu zilizochoka, hupunguzwa kwanza. Ni kama nyumba inayoungua. Wakati wa kuzima moto hakuna anayepiga lipu ukuta.

Kortisoli pia ina saa yake. Kwa mtu mwenye afya, hupanda alfajiri, wakati jogoo wanawika, ili mwili uamke. Mchana hushuka polepole. Usiku wa manane huwa chini kabisa. Wakati huo ndipo mwili unapotengeneza yale yaliyoharibika mchana.

Wajumbe hawa ni wema. Bila wao tungekufa. Lakini wameumbwa kwa ajili ya hatari inayopita. Nguruwe akishakimbia, moyo unatulia na mwili unarudi katika kazi zake. Taabu huanza pale ambapo mwili unaambiwa kila siku, "Hatari! Hatari!" wakati nguruwe hayupo.

MIRUNGI HUFANYA NINI?

Mirungi ni mti wa milimani. Katika Afrika Mashariki, Ethiopia na Yemen watu wameujua tangu zamani. Watu hutafuna majani machanga na maganda ya vijiti laini. Ndani yake kuna kitu kiitwacho kathinoni. Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walikitenga kitu hicho kutoka katika majani mabichi. Umbo lake linafanana sana na amfetamini, dawa inayotengenezwa viwandani ya kuamsha watu.

Kathinoni huharibika upesi majani yanapokauka. Ndiyo maana wauzaji huyafunga katika majani ya mgomba na kuyakimbiza barabarani usiku. Baada ya siku mbili tatu nguvu yake imepungua sana.

Kathinoni inapoingia katika damu, hufanya mambo mawili. Jambo la kwanza, hugonga mlango wa wajumbe wa hatari. Presha hupanda. Moyo huenda mbio. Njaa hukimbia. Jambo la pili, ndani ya ubongo hufungulia kitu kiitwacho dopamini. Hiki ndicho hutupa furaha tunapopata jambo jema, kwa mfano kuuza mazao kwa bei nzuri. Basi mtafunaji hujiona hodari. Huongea sana. Hupanga mipango mikubwa, kujenga nyumba, kununua gari. Vijana huita hali hiyo stimu.

Lakini tazameni, ndugu zangu. Je, mirungi imeleta chakula mwilini? Haikuleta. Je, imeleta usingizi? Imeufukuza. Je, imeleta damu? Haikuleta. Basi nguvu ile imetoka wapi? Imetoka katika akiba ya mwili wako wewe mwenyewe. Mirungi imechukua ghala lako la kesho na kukugawia leo. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Wakati wa kukopa kuna ngoma na vigelegele. Wakati wa kulipa mtu amejiinamia.

Deni lenyewe hulipwa hivi. Baada ya saa chache stimu hushuka. Dopamini iliyomwagwa haipo tena. Mtu huwa mzito, mwenye huzuni, mwenye hasira na mke au mume na watoto. Usiku hapati usingizi, kwa kuwa wajumbe wa hatari bado wanapita. Asubuhi huamka amechoka. Naye hujiambia, "Nimechoka, nahitaji mirungi." Anakwenda kukopa tena ili alipe deni la jana.

Wengine hufanya vibaya zaidi. Wakikosa usingizi hunywa pombe au gongo ili wazimike. Huko ni kukopa kwa tajiri wa pili ili kumlipa wa kwanza. Sasa wana madeni mawili.

Chuo Kikuu cha Minnesota cha Marekani pamoja na wachunguzi wa Yemen waliwachunguza watafunaji wa Yemen kwa miaka kadhaa. Yemen wanaume wengi hutafuna karibu kila siku alasiri. Waliona kwamba watafunaji wa siku nyingi huwa na hasira na hisia mbaya kuliko wasiotafuna, na usingizi wao si mzuri. Wale waliotafuta furaha wamepata hasira. Je, hiyo ni faida?

MADHARA MENGINE

Nitayataja kwa ufupi, kwa sababu nayaona zahanati.

1. Moyo na presha. Presha hupanda kila mtu anapotafuna. Kwa mtu mwenye presha tayari, hatari ni kubwa. Katika Yemen imeonekana kwamba watafunaji hupata shambulio la moyo zaidi ya wasiotafuna.

2. Tumbo. Mirungi hufunga choo. Mtu hukaa siku nyingi bila kwenda choo. Wengi hupata bawasiri na huona haya kusema.

3. Chakula. Mtafunaji hasikii njaa. Hupungua mwili. Na fedha ya unga na mboga imekwenda katika majani.

4. Mama mjamzito. Mama anayetafuna anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa mama anayenyonyesha, dawa hupita katika maziwa na kumfikia mtoto.

5. Nguvu za kiume. Vijana wengi hudhani mirungi huongeza. Ukitafuna siku nyingi, hupunguza.

6. Akili. Wachache huanza kusikia sauti na kuona watu wanaowafuata, kama yule kijana wa pikipiki. Huo si uchawi. Ni ubongo usiolala na wenye sumu.

MIMI MWENYEWE

Nilisema nitasema jambo langu. Nilipokuwa chuoni, mtihani wa mwisho ulikaribia nami nilikuwa nyuma katika masomo. Mwenzangu alinipa mirungi. Tulitafuna usiku tatu mfululizo tukisoma. Niliona ninaelewa kila kitu. Nilijiona profesa.

Asubuhi ya mtihani nilikaa kwenye kiti. Mkono ulitetemeka hata kalamu ikaandika kama miguu ya kuku. Swali la kwanza lilihusu mapigo ya moyo. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukinipiga masikioni, lakini jibu sikulikumbuka. Yale niliyosoma usiku tatu yalikuwa yamepotea. Baadaye nilijifunza sababu yake. Ubongo huhifadhi masomo tunapolala. Mtu asiyelala ni kama mtu anayemimina maji katika mtungi uliotoboka.

Nilianguka somo lile. Nilirudia mtihani baada ya miezi kadhaa. Baba yangu aliuza mbuzi ili nilipe ada ya kurudia. Sijawahi kumwambia kwa nini nilianguka. Leo atasoma katika gazeti hili. Baba, naomba unisamehe.

"MBONA TUNAKUNYWA CHAI?"

Mzee mmoja aliniuliza swali zuri. Alisema, "Kijana, sisi wa Usambara tunalima chai na kahawa. Nazo pia huamsha. Mbona huzikatazi?"

Ni kweli, chai na kahawa zina kitu kiitwacho kafeini, nacho huamsha. Lakini kuna tofauti ya kipimo na ya nguvu. Kafeini huziba kwa muda habari ya uchovu isifike kwenye ubongo. Haifungulii dopamini kwa wingi kama kathinoni. Kikombe cha chai kina kafeini kidogo, na kahawa ina zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku haina neno. Hiyo ni kama vikombe vinne vya kahawa ya kawaida. Mama mjamzito asizidi nusu ya hapo. Na mtu anayekosa usingizi asinywe kahawa wala chai nzito jioni.

Wengine husema, "Kenya mirungi ni halali. Meru wanalima na kuuza nje. Iweje hapa iwe mbaya?" Ni kweli, Kenya ni zao halali. Lakini hata huko, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi, NACADA, huihesabu miongoni mwa vilevi. Uingereza iliruhusu mirungi kwa miaka mingi, kisha ikaipiga marufuku mwaka 2014. Kwetu Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuisafirisha, kuiuza na kuitumia. Majirani zetu wa milima ya Same wamefyekewa mashamba yao ya mirungi mara kwa mara. Mkulima aliyefyekewa shamba amepoteza jasho lake lote. Tusiige.

Lakini mimi si askari. Mimi ni mtu wa afya. Hata kama sheria zote duniani zingebadilika kesho, moyo wa mtu hausomi sheria. Utapiga mbio vilevile Meru, Same na Bungu.

KWA NINI WANATAFUNA?

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wakubwa zangu. Wengi husema vijana hutafuna kwa sababu ni wahuni. Mimi nasema, ukitaka kujua kwa nini mtu anakopa, tazama shida yake.

Yule kijana wa bodaboda haendeshi pikipiki yake. Ni ya mtu, kwa mkataba. Kila siku lazima apeleke fedha kamili. Mvua ikinyesha, barabara ikawa matope, abiria wakakosekana, fedha ni ile ile. Asipopeleka, pikipiki hunyang'anywa. Basi hulala saa mbili, tatu, na mchana hutafuna. Yupo mwingine anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu usiku kucha, na asubuhi anatakiwa kulima. Wapo madereva wa magari makubwa ya barabara kuu. Wapo walinzi wa usiku. Wapo wanafunzi, kama nilivyokuwa mimi.

Hawa wote wana ugonjwa mmoja. Ugonjwa wao ni kukosa usingizi na kupumzika. Dawa ya kukosa usingizi ni kulala. Hakuna jani, wala kidonge, wala soda ya kuongeza nguvu inayoweza kuchukua mahali pa usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi kila siku. Dawa ya deni ni kulipa.

TUSIWAPIGE, TUSIWAFICHE

Siku moja katika mkutano, watu wengi walitaka watafunaji wachapwe viboko mbele ya watu na majina yao yasomwe. Nilisimama, magoti yakinitetemeka mbele ya wazee, nikasema hapana. Wengine walinizomea. Wengine walisema ninatetea wahuni.

Nitawaambia kilichotokea baada ya mkutano ule. Kwa wiki kadhaa hakuna mtafunaji hata mmoja aliyekuja zahanati. Je, waliacha? Hawakuacha. Walijificha. Mmoja aliletwa tumbo limejaa kama ngoma. Alikuwa hajaenda choo siku tisa. Aliogopa kuja, kwa sababu alijua nitamwuliza amekula nini. Tulimpeleka hospitali. Alipona, lakini angeweza kufa kwa sababu ya haya.

Nasema tena wazi. Siri ya mgonjwa ni siri ya zahanati. Ukija, nitakuuliza umetafuna nini ili nijue namna ya kukutibu. Sitamwambia jirani yako. Huo ni mwiko wa kazi yetu.

Simaanishi kwamba muuzaji aachwe. Anayeleta mirungi kijijini na kuwauzia watoto wa shule ana kesi ya kujibu mbele ya sheria. Lakini tusimchanganye muuzaji na mgonjwa wake.

TUFANYE NINI?

Kwa anayetafuna: Amua siku ya kuacha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Siku za kwanza utasinzia sana, utakuwa mzito, utaona njaa, na huenda ukaota ndoto mbaya. Usiogope. Ni mwili unaolipwa deni lake. Lala. Kunywa maji. Kula ugali, maharage, mboga na ndizi. Kwa wengi, hali hiyo hupungua baada ya siku kadhaa. Usinywe pombe ili upate usingizi. Ukianguka ukatafuna tena, usikate tamaa. Anza upya.

Kwa kila mtu: Jifunze kuhesabu mapigo ya moyo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hesabu kwa dakika moja nzima ukiwa umekaa. Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo huwa kati ya 60 na 100. Kama umepumzika na bado yanazidi 120, au una maumivu ya kifua, au unakosa pumzi, njoo zahanati upesi, mchana au usiku.

Kwa wenye pikipiki: Nawaomba muweke siku moja ya mapumziko katika mkataba, isiyodaiwa fedha. Dereva anayesinzia atavunja pikipiki yako na shingo ya abiria. Hesabu mwenyewe ipi ni hasara kubwa.

Kwa wakulima: Ulinzi wa mashamba uwe wa zamu. Nyumba kumi zikishirikiana, kila mtu hulinda usiku mmoja na kulala usiku mwingi. Watu wetu wanajua kusaidiana kwa kazi za shamba. Tusaidiane na kwa usingizi.

Kwa wazazi: Ukiona mtoto halali, hali, anaongea usiku kucha na asubuhi ni mkali kama nyigu, usianze na fimbo. Anza na swali.

MWISHO

Wasomaji wangependa kujua habari za yule kijana. Nilikwenda na mama yake kwa mwenye pikipiki. Hatukugombana. Tulikaa, tukanywa chai, mama akaeleza. Mwenye pikipiki ni baba wa watoto, alielewa. Sasa kijana hupumzika kila Ijumaa. Mwezi wa kwanza alitafuna tena mara moja, akaja mwenyewe kuniambia. Nilipima presha, nikamwambia arudi kesho yake. Akarudi. Mpaka leo anarudi. Mara ya mwisho presha yake ilikuwa 122 kwa 78.

Siku hiyo alinitania. Alisema, "Daktari, sasa nasinzia saa tatu za usiku kama mtoto mchanga."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hizo ndizo nguvu za kweli."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwandishi anasema mirungi haitoi nguvu bali hukopesha. Elezeni kwa maneno yenu maana yake.

2. Adrenalini na kortisoli husaidia nini? Zinadhuru wakati gani?

3. Katika kitongoji chenu, ni nani wanaokosa usingizi kwa sababu ya kazi? Mnaweza kuwapangia zamu vipi?

4. Je, mnakubaliana na mwandishi kwamba watafunaji wasichapwe? Toeni sababu zenu.

5. Kila mtu ahesabu mapigo ya moyo ya jirani yake kwa dakika moja na kuyaandika katika daftari.